MJADALA: Georgia iliwatimua trafiki wake wote kwa mpigo. Je, rushwa iliisha au ilihama tu?

Mleta mada:

Wakuu, habari za wakati huu. Kila tunapojadili rushwa hakosekani wa kusema "wangefanya kama Georgia". Anayesema hivyo karibu kila mara ana habari moja tu, ile ya trafiki waliofukuzwa wote. Ni ya kweli, ila ni nusu ya habari. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: Georgia iliondoa hongo ya mtaani, ikaiacha mahakama mfukoni mwa mtawala, na hilo la pili ndilo linaloitesa hadi leo.

Ni nchi ndogo ya Caucasus, imepakana na Urusi, Uturuki, Armenia na Azerbaijan. Ilipata uhuru mwaka 1991 Umoja wa Kisovieti ulipokuwa unasambaratika, na miaka iliyofuata ilikuwa ya mapigano: mji mkuu Tbilisi kwenyewe, Ossetia Kusini, kisha Abkhazia. Maeneo hayo mawili yalitoka mikononi mwake. Kufikia 2003 dola ilibaki jina. Umeme ulikuwa wa saa chache, wastaafu walikaa miezi bila pensheni, nafasi ya chuo kikuu ilinunuliwa. Na yule trafiki wa barabarani hakuwa akila peke yake. Kazi yenyewe aliinunua, kwa hiyo alisimamisha magari ili arudishe fedha yake na kumpelekea mkubwa wake fungu lake, na mkubwa naye alikuwa na wa kumpelekea. Faharasa ya rushwa ya shirika la Transparency International ya mwaka huo iliiweka nchi nafasi ya 124 kati ya 133.

Novemba 2003 uchaguzi wa bunge ukachakachuliwa, watu wakajaa barabarani, na Rais Eduard Shevardnadze akajiuzulu tarehe 23. Januari 2004 Mikheil Saakashvili, mwanasheria wa miaka 36, akachaguliwa kwa asilimia 96.

Mwaka huohuo trafiki takriban 16,000 walifukuzwa. Kwa muda barabara zilikaa bila polisi hao. Wakaajiriwa vijana wapya, wachache zaidi, wakapewa magari mapya na mshahara unaoweza kumlisha mtu, na vituo vya polisi vikajengwa kwa kuta za vioo. Mwaka 2005 mtihani wa kuingia vyuo vikuu ukawa mmoja kwa nchi nzima, ukaondolewa mikononi mwa wahadhiri. Aina za kodi zikapunguzwa kutoka 21 hadi 6. Wakuu wa magenge waliotawala tangu enzi za Kisovieti wakatungiwa sheria yao, na mali zao zikataifishwa. Kufikia 2012 nchi ilikuwa nafasi ya 51 kwenye faharasa ileile.

Sasa nusu ya pili. Vigogo wa utawala wa zamani walikamatwa, wakaachiwa baada ya kulipa mamilioni hazinani kwa makubaliano na mwendesha mashtaka. Baadaye utaratibu huo ukashuka hadi kwa mwananchi wa kawaida. Aliyekataa makubaliano alikwenda mbele ya mahakama ambayo karibu haikumwachia mtu: waliotoka bila hatia hawakufika hata mmoja katika kila mia. Magereza yakafurika, wafungwa zaidi ya 20,000 katika nchi isiyofikisha watu milioni 5. Septemba 2012 televisheni zikaonyesha video za wafungwa wakiteswa katika gereza la Gldani, na tarehe 1 Oktoba chama cha Saakashvili kikashindwa uchaguzi.

Swali langu kwenu: je, mafanikio yale yangepatikana bila mkono ule wa chuma?

Mchangiaji kutoka Nakuru:

Mkuu, nakupinga, na nakupinga kwa heshima.

Unazungumza kana kwamba 2004 kulikuwa na mahakama safi ambayo Saakashvili aliikuta akaiharibu. Haikuwepo. Jaji naye alikuwa ananunuliwa. Ukiwapeleka vigogo mbele ya majaji hao, unawapa muda wa kuhamisha fedha na kuhonga mashahidi. Serikali mpya huwa na mwaka mmoja au miwili ya imani ya wananchi, basi. Angalia Ukraine: walifanya mapinduzi yao ya barabarani Novemba 2004, mwaka mmoja tu baada ya Georgia, wakaenda taratibu, viongozi wakagombana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2013 Ukraine ilikuwa nafasi ya 144 kwenye faharasa hiyohiyo na watu wamerudi barabarani Kiev.

Halafu kuna jambo umelipita haraka. Saakashvili aliondoka, na serikali iliyokuja ilimchukia. Lakini hongo ya trafiki haikurudi. Pasi bado inatoka bila kitu kidogo. Kwa mama anayeuza mboga, hiyo ni haki kubwa kuliko hotuba yoyote kuhusu uhuru wa majaji.

Mwanafunzi wa sheria, Dodoma:

Kaka wa Nakuru, huyo mama mwenye mboga ana mtoto wa kiume. Tuzungumze kuhusu huyo mtoto.

Januari 2006 kijana mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa benki, Sandro Girgvliani, alipishana maneno na watu wa Wizara ya Mambo ya Ndani kwenye mgahawa mjini Tbilisi. Akachukuliwa, akapigwa, akakutwa amekufa nje ya mji. Hao walikuwa watu wa wizara ileile iliyosifiwa dunia nzima kwa mageuzi ya polisi. Waliohukumiwa walitoka kabla ya kumaliza vifungo vyao, na mwaka 2011 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema Georgia haikuchunguza mauaji hayo ipasavyo. Polisi asiyepokea hongo lakini asiyeweza kushtakiwa na mtu yeyote bado ni hatari kwa raia.

Niwe mkweli pia kwa upande wako: kuhusu yale makubaliano ya kulipa na kuachiwa, mahakama hiyohiyo mwaka 2014, katika kesi nyingine ya Georgia, haikuyaona kuwa haramu yenyewe. Tatizo ni mazingira. Makubaliano ni ya hiari pale tu unapoweza kuyakataa ukaenda kushinda kesi.

Na Ukraine usiishie 2013. Waliporudi barabarani walibadilisha njia. Mwaka 2015 waliunda ofisi ya upelelezi wa ufisadi, NABU, yenye uhuru wake, na 2019 ikaanza kazi mahakama maalumu ya ufisadi, ambayo wataalamu wa kimataifa walikuwa na nguvu ya kumzuia mwombaji wa ujaji mwenye mashaka. Julai 2025, nchi ikiwa vitani, bunge lilipitisha sheria ya kuinyang'anya NABU uhuru wake. Vijana wakatoka na mabango ya maboksi, Umoja wa Ulaya ukalalamika, na ndani ya siku tisa bunge likaurudisha. Ufisadi Ukraine bado ni mwingi, nakubali. Lakini kule wananchi wanakijua chombo chao na wanakipigania. Georgia walipewa huduma nzuri. Chombo cha kupigania hawakupewa.

Msafirishaji, Tunduma:

Mimi si msomi wa sheria, nina malori. Nauliza la mipakani. Mleta mada umetaja polisi na mahakama, lakini nchi ndogo iliyobanwa na majirani inaishi kwa kupitisha mizigo. Afisa forodha akiwa mla rushwa, mzigo unapita nchi nyingine. Je, kusafisha kule kuliwaunganisha na majirani au kuliwatenga?

Mleta mada:

Bwana wa malori, hili ndilo nilitaka mtu alifikie, na jibu lake limegawanyika.

Kuna upande uliofaulu. Bomba la mafuta la Baku–Tbilisi–Ceyhan, kilomita 1,768 kutoka Bahari ya Caspian hadi pwani ya Uturuki, lilianza kufikisha mafuta Ceyhan mwaka 2006. Reli ya Baku–Tbilisi–Kars ilifunguliwa Oktoba 2017. Mradi wa bomba ulikuwapo kabla ya Saakashvili, hilo tusimpe yeye. Lakini forodha iliyonyooka iliifanya Georgia kuwa njia ambayo mtu wa Asia ya Kati au Uturuki anaweza kuitegemea bila kupita Urusi wala Iran. Aliyekosa ni Armenia, kwa sababu ya mgogoro wake na Azerbaijan na mpaka uliofungwa na Uturuki. Bomba na reli vyote vinamzunguka.

Upande wa pili unaniuma zaidi. Nje kidogo ya Tskhinvali, mji mkuu wa Ossetia Kusini, kulikuwa na soko la Ergneti. Sigara, mafuta na unga vilishuka kutoka Urusi bila kulipiwa ushuru, vikasambaa Georgia nzima. Hazina ilipoteza pale, na maofisa wa pande zote walikula. Lakini ni palepale Wageorgia na Waossetia, watu waliotoka kupigana mwanzoni mwa miaka ya 1990, walikutana kila siku, wakauziana, wakakopeshana, wakajuliana hali za nyumbani. Serikali mpya ililifunga katikati ya 2004. Kwa hesabu ya magendo ulikuwa uamuzi sahihi. Agosti mwaka huohuo risasi zikalia tena eneo hilo, na Agosti 2008 ikaja vita ya siku tano na Urusi. Sisemi soko ndilo lililoleta vita. Urusi ilikuwa na mipango yake mikubwa, na Tbilisi ilikuwa na haraka zake. Ninachosema ni kwamba waliondoa mahali ambapo maadui walikuwa wakilishana, wasiweke pengine. Kungewezekana kuwa na soko halali, lenye ushuru mdogo na kituo cha forodha. Kulikuwa na lingine pia, Sadakhlo, mpakani mwa Armenia, ambapo Waarmenia na Waazerbaijani waliuziana bidhaa ilhali nchi zao hazikuwa zikisemezana. Nalo lilifungwa katika wimbi hilohilo.

Mtu wa polisi hulitazama soko kama hilo akaona wahalifu tu. Anayejenga ujirani alipaswa kuwa kwenye chumba kilekile uamuzi ulipofanywa.

Mchangiaji kutoka Hamburg:

Naongeza la Urusi na Ulaya, kwa sababu huku tunalisikia sana.

Mwaka 2006 Urusi ilipiga marufuku divai ya Georgia na maji yake ya Borjomi. Soko kubwa la divai yao likafungwa. Iliwaumiza sana, lakini iliwalazimisha kuacha divai bandia na kutafuta wanunuzi wapya. Urusi ilipofungua mlango 2013 wakarudi, na leo zaidi ya nusu ya divai wanayouza nje inakwenda hukohuko. Kwa hiyo anayewaambia wamgeukie Mzungu wa Brussels na kumpa kisogo jirani mkubwa, awaambie pia mkulima wa Kakheti atamuuzia nani zabibu zake. Serikali ya sasa inasema inalinda amani. Si hoja ya kupuuzwa kwa nchi iliyoona vifaru vya Urusi vikikaribia mji mkuu wake.

Mleta mada:

Hoja ya mkulima naikubali yote. Ya amani, hapana, na sababu yangu ni mahakama tena.

Juni 2014 Georgia ilisaini mkataba wa ushirika na Umoja wa Ulaya, siku moja na Moldova na Ukraine. Machi 2017 raia wake wakaanza kuingia Ulaya bila viza, Desemba 2023 nchi ikapewa hadhi ya mgombea uanachama. Katika miaka yote hiyo sharti lililorudiwa na kukwepwa lilikuwa kurekebisha uteuzi wa majaji. Mwaka 2024 ikapitishwa sheria ya kuzibana asasi zinazopokea fedha za nje, na tarehe 28 Novemba serikali ikatangaza kusimamisha suala la mazungumzo ya uanachama hadi mwisho wa 2028. Waandamanaji waliokamatwa walipelekwa mbele ya mahakama zilezile.

Nasema zilezile kwa maana kamili. Aprili 2023 Marekani iliwazuia majaji wanne wa Georgia kuingia nchini mwake, ikiwatuhumu kwa ufisadi mkubwa. Serikali ya Georgia ilipinga. Mmoja wao ni Levan Murusidze. Huyo alikuwamo kwenye jopo la Mahakama ya Juu lililoamua kesi ya Girgvliani enzi za Saakashvili. Rais akaondoka, jaji akabaki, akapanda. Na Saakashvili mwenyewe hukumu yake ya kwanza, Januari 2018, ilihusu msamaha aliowapa waliopatikana na hatia katika mauaji hayohayo. Amefungwa tangu Oktoba 2021 na mfumo ambao alipokuwa na asilimia 96 ya kura hakuutaka uwe huru.

Mchangiaji kutoka Nakuru:

Hilo la Murusidze sikulijua, na linabadilisha sehemu ya hoja yangu. Lakini bado hujajibu: mwaka 2004, majaji wote wamenunuliwa, ungemweka nani?

Mleta mada:

Ningewafanyia kama trafiki. Wote wanatoka, wanaomba kazi upya, na anayewachuja si rais. Estonia walilijaribu mapema: mwaka 1993 Mahakama ya Juu ilianzishwa upya, ikawekwa Tartu, mbali na serikali iliyoko Tallinn, na majaji wa enzi za Kisovieti hawakupita moja kwa moja. Vijana wengi waliotoka chuoni walikalia viti hivyo, na wakakosea mara nyingi mwanzoni. Kwenye faharasa ya 2024 Estonia ni ya 13, Georgia ya 53.

Mchangiaji kutoka Nakuru:

Estonia ilikuwa na Finland ng'ambo ya maji na haikupoteza majimbo mawili vitani. Nani angekuwa Finland ya Georgia?

Mwanafunzi wa sheria, Dodoma:

Mwaka 2004, kaka, wafadhili wa nje walikuwa wakichangia hadi nyongeza za mishahara ya mawaziri wa Georgia. Fedha hiyohiyo ingeweza kufungwa kwenye sharti la kuwachuja majaji. Hawakulidai, kwa sababu polisi wa vioo waliwapendeza na bomba lilikuwa linajengwa.