Kitufe cha mlango wa buti kimekufa: naombeni ushauri

Msafiri wa Masaka: Ndugu zangu, hamjambo. Tangu mvua za Aprili, kitufe cha kufungulia mlango wa buti wa gari langu hakifanyi kazi; nikikibonyeza sisikii hata mlio. Fundi mmoja hapa Kampala amesema tubadilishe kisanduku kizima kinachoongoza umeme wa milango kwa shilingi 650,000, nami nimekwisha kumpa nusu. Je, bei hiyo ni ya haki?

Mama Matoke: Pole, mwanangu. Langu liliponigomea nilipakia mikungu ya matoke kupitia milango ya abiria miezi miwili, hadi viti vikajaa utomvu. Fedha hutolewa baada ya kazi kuonekana.

Fundi Nyaya, Ndeeba: Kabla ya kuzungumzia bei: je, rimoti inaufungua mlango huo? Na ni nani aliyegusa nyaya zake mwisho?

Msafiri wa Masaka: Rimoti inaufungua. Kuhusu nyaya, mwezi Machi kijana mmoja alinifungia kamera ya kurudia nyuma, akapitisha waya wake ndani ya mpira unaounganisha mlango na bodi. Baadaye fyuzi ya ampea 15 ikawa inakatika kila mara, nikaweka ya 30. Sidhani kama yanahusiana, kwa kuwa kamera inaonyesha vizuri.

Mzee wa Jinja: Itoe fyuzi hiyo leo, mwanangu. Waya uliopangiwa ampea 15 utaungua kabla fyuzi ya 30 haijakatika. Nimeliona gari likitoa moshi barabarani na watoto wamo ndani.

Mdadisi: Mimi nina shaka. Kwanza ilikuwa mvua ya Aprili, sasa ni kamera ya Machi na fyuzi. Kisa hiki kimetungwa.

Msafiri wa Masaka: Sijatunga. Niliona aibu kuitaja fyuzi. Asubuhi hii nimeuvuta mpira ule nikaona waya mwekundu wa kamera umechubuka pale unapogusa bati. Waya mweusi wa kitufe ganda lake ni zima, lakini ukiukunja unalegea kama utambi. Nilipolichana, shaba ilikuwa imekatika na kuota kutu ya kijani.

Fundi Nyaya, Ndeeba: Kama rimoti inafungua, mota ya komeo ni nzima, na kisanduku kinaitikia. Chomoa soketi ya kitufe, upime kila waya kwa mita ya volti ukilinganisha na bati.

Msafiri wa Masaka: Waya mmoja una volti 12, mweusi hauna ethi (muunganiko na bodi) kabisa. Nimeirudisha soketi, nikaunganisha ule mweusi na bodi kwa waya wa muda, na mlango umefunguka mara tatu mfululizo. Hata hivyo, naona kisanduku kingenifaa kama akiba, maana fedha nimekwisha kuzitoa.

Mama Matoke: Akiba ya kitu kisichoharibika? Mpigie fundi wako kabla hajafika kununua kisanduku kwenye soko la vipuri la Kisekka.

Msafiri wa Masaka: Simu yake inaita. Fyuzi ya 15 nimeirudisha, na waya wa kamera nimeuchomoa.