C62x: mpangaji wa ratiba ya amri hashuki chini ya II=5

Swali
Wakuu, naandika sehemu ya kompaila inayopanga ratiba ya amri kwa TMS320C62x (chipu ya Texas Instruments ya kuchakata mawimbi): yuniti nane za kutekeleza amri (.L, .S, .M na .D, kila upande, A na B) na mafaili mawili ya rejista. Natumia majedwali ya LLVM (mfumo wa kutengeneza kompaila). Lupu ya majaribio inazidisha safu mbili za namba za biti 16 na kujumlisha: LDH mbili (kusoma biti 16 kutoka kumbukumbu), MPY (kuzidisha), ADD, SUB ya kihesabio, na B (kuruka). Ukiipanga kwa mkono unapata raundi moja kila mpigo wa saa. Mpangaji wangu anagoma kwenye II=5 (II ni mipigo kati ya kuanza kwa raundi moja na inayofuata). LDH nimeiandika InstrStage<5, [D1, D2]>, yaani mipigo 5 kwenye .D1 au .D2. Nimekosea wapi?

Jibu
Mkuu, ni hiyo 5. Umechanganya muda ambao yuniti inashikwa na muda wa tokeo kufika kwenye rejista. LDH inaishika .D kwa mpigo mmoja tu, mpigo unaofuata .D hiyohiyo inapokea LDH nyingine. Kwa maelezo yako, kila LDH inafunga .D moja kwa mipigo 5, na kwa kuwa LDH ni mbili na .D ni mbili, II haiwezi kupungua.

Andika InstrStage<1, [D1, D2]>, halafu peleka 5 kwenye orodha ya mipigo ya operandi: tokeo 5, usomaji 1. LLVM inatoa na kuongeza 1 (5 − 1 + 1), kwa hiyo unabaki na 5. MPY ni 2, ADD ni 1. B ina nafasi tano za kusubiri nyuma yake.

Ratiba inayotakiwa kutoka: LDH zote mbili mpigo wa 0, SUB 1, B 2, MPY 5, ADD 7. B imekaa 2 makusudi, ili kuruka kutimie mpigo wa 8. Raundi nane zinapishana ndani ya bomba, na prologi (sehemu ya kulijaza bomba kabla ya lupu) ina mipigo 7.

Jibu
Naongezea njia za kuvuka (1X ya upande A kusoma rejista ya B, 2X kinyume chake), maana wengi huzisahau. MPY hapo inasoma operandi moja A na nyingine B, kwa hiyo inatumia 1X. Iko moja tu kwa kila mpigo, na 2X vilevile. Zifanye rasilimali kamili kwenye jedwali kama yuniti nyingine, la sivyo mpangaji ataweka amri mbili zinazogombania 1X na asembla itaikataa paketi nzima (amri zote za mpigo huo).

Mwenye swali
Asanteni sana, imeshuka hadi 1 na majibu ni sahihi. Lakini kuna lupu nyingine yenye II=7: taima ikiwashwa, mara mojamoja jumla inakosea. Taima ikizimwa, iko sawa.

Jibu
Angalia mishale ya kuandika baada ya kusoma (inayomzuia mwandishi wa rejista asimtangulie msomaji wa thamani ya zamani). Kwenye C62x rejista inabaki na thamani ya zamani mpaka LDH itue, kwa hiyo uzito halali wa mshale huo ni 1 − L (L ni mipigo ya tokeo kufika). Kwa LDH ni −4: inaweza kuanza mipigo minne kabla ya msomaji wa thamani ya zamani. Interapti ya taima ikiingia katikati, LDH iliyokwisha kuanza inamalizika, na ukirudi msomaji anakuta thamani mpya. Jumla imeharibika hapo.

Lupu ya II=1 haikuguswa kwa sababu interapti haziingii ndani ya nafasi za kusubiri za B, na pale kuna B kila mpigo. II ikifika 7, dirisha linafunguka. Ama weka uzito 0 kwenye mishale hiyo (rejista zitatumika zaidi), ama zima interapti kabla ya lupu na uziwashe baada yake.

Jibu
Ile ya kwanza bado ina nafasi. Safu zikiwa zimepangwa kwenye baiti 4, badilisha LDH ziwe LDW (inasoma namba mbili za biti 16 kwa mara moja), kisha MPY kwenye .M1X na MPYH (inazidisha nusu za juu) kwenye .M2X, ADD kwenye .L1 na .L2, SUB .S1, B .S2. Yuniti zote nane zinajaa, 1X na 2X pia, na unapata mazao mawili kila mpigo. Jumla za A na B unaziunganisha kwa ADD moja nje ya lupu.