Mabweni kwanza, au aliyejifungua arudi darasani?

MamaWawili: Wakuu, Novemba 2021 Wizara ya Elimu Tanzania iliruhusu wanafunzi waliojifungua warudi shule. Huku kwetu Kishapu, Shinyanga, sijamwona hata mmoja aliyerudi. Fedha zikiwa kidogo zianzie wapi: mabweni ya shule za kata, au huyu mwenye mtoto mgongoni?

Ngosha: Mabweni! Mtoto anatembea kilomita nane, bodaboda anampa lifti, anamnunulia chipsi, kinachofuata tunakijua.

BodaMkongwe: Kila mimba ni bodaboda? Nina miaka 11 barabarani na binti yangu yuko kidato cha pili. Mvua ikinyesha tunawabeba bure. Walimu je? Wajomba je? Futa kauli!

Ngosha: Sifuti. Sijakutaja jina.

Mwl_Hesabu: Umegusa walimu, ngoja nijibu. Ile miaka 30 jela kwa anayempa mwanafunzi mimba, ya mwaka 2015 kama sikosei, inamhusu hata mwalimu. Tatizo ni kwamba kesi ikifika mahakamani baba ameshapokea ng'ombe, na binti anafundishwa kusema "simjui".

Ngosha: Ng'ombe sasa mnatusema Wasukuma.

Mwl_Hesabu: Nimetaja kabila gani? Na sheria ni ya 2016, najirekebisha. Hata ndoa yenyewe, Sheria ya 1971 inaruhusu msichana wa miaka 15 mzazi akiridhia. Mahakama Kuu iliikataa 2016, Mahakama ya Rufani ikakazia uamuzi huo 2019.

BodaMkongwe: Kwa hiyo baba anaoza binti kisheria, halafu mbaya ni mimi wa pikipiki?

MamaWawili: Jamani, swali langu.

Binti_QT: Dada, nakujibu mimi. Nilifukuzwa 2016 nikiwa kidato cha tatu. Nilipimwa mimba mstarini, wenzangu wakiangalia. Ruhusa ilipokuja mwanangu alikuwa ameshaanza kuongea na kunituma maji. Saa kumi na mbili asubuhi ningemwacha na nani? Mama yuko mnadani. Nikasoma QT, masomo ya mtihani kwa walio nje ya shule, jioni, nikilipa kwa kuuza maandazi. Bweni lingenisaidia nikiwa na miaka 14. Nikiwa na 18 nilihitaji mtu wa kukaa na mtoto na hela ya daftari. Msituchagulie kimoja.

Ngosha: Pole sana mdogo wangu. Mstarini kabisa?

Binti_QT: Mstarini.

BodaMkongwe: Pole dada. Ila Ngosha bado hajafuta.