Abati wa Litembo na filamu bubu ya Korea

MwanaMbinga: Wakuu, habari zenu. Kwetu Litembo wazee humtaja Abati (mkuu wa monasteri) Norbert Weber, mtawa Mbenediktini Mjerumani aliyefariki pale 1956. Nasikia aliwahi kupiga filamu Korea. Ni kweli? Ina nini ndani?

MpendaSinema: Kweli kabisa, mkuu. Alikuwa Abati Mkuu wa St. Ottilien, monasteri ya Ujerumani yenye shirika lile lile lililoleta wamisionari Peramiho na Ndanda. Korea alifika 1911, akarudi 1925 na kamera. Filamu ikatoka 1927. Haina sauti, maelezo yameandikwa kwa Kijerumani. Utaona wakulima, mafundi wa mikono, mazishi, na kazi ya wamisionari wenyewe.

Muhimu ni wakati wenyewe. Japani ilikuwa imeitwaa Korea tangu 1910, na Weber aliogopa mila zile zitapotea, ndiyo maana anakawia kwenye mikono ya fundi. Mimi naiheshimu sana subira hiyo.

MwanaMbinga: Asante sana, ndugu yangu. Na elimu ya Wakorea ilikuwaje?

BintiRuvuma: Kaka, vijijini walikuwa na seodang: watoto wanakaa chini, wanakariri maandishi ya Kichina kwa sauti mbele ya mwalimu, karibu sawa na chuoni kwa maalimu. Wabenediktini nao walifungua shule ya ufundi Seoul. Kitafute na kitabu cha Weber cha 1915 kuhusu safari ya kwanza. Jina ni moja na la filamu, *Im Lande der Morgenstille*.