Miche ya msprusi inakauka kuanzia chini: ni maji, wadudu au ni kukaa ndani?

Mche_Mchanga: Habari wakuu. Nina miche 9 ya msprusi (Picea abies, mti wa nchi za baridi wenye majani kama sindano) ya kuotesha kwa mbegu, ina miezi minane na urefu wa sm 6 hivi. Vyungu viko dirishani, chumba kina joto muda wote, namwagilia kila siku. Majani ya chini yanageuka kahawia na ukiyagusa yanapukutika. Kilele bado kibichi. Nianzie wapi?

Kitalu: Anza na mizizi, mkuu, kabla ya dawa yoyote. Chomoa mche mmoja na bonge lake la udongo. Ncha nyeupe na imara ni nzima. Zikiwa kahawia na laini, na ganda la mzizi linabambuka ukilivuta na kuacha uzi mwembamba, zimeoza. Udongo ukijaa maji mizizi hukosa hewa, na mche hukauka huku umelowa. Wengi wakiona hivyo huongeza maji, na hapo ndipo wanaumaliza. Subiri udongo wa juu ukauke kwa kina cha sm 1 hadi 2, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani.

Majani_Sindano: Mizizi ikiwa mizima, shuku utitiri, hewa kavu ya ndani huwafaa sana. Weka karatasi nyeupe chini ya tawi, ligonge mara mbili tatu. Vidoa kama vumbi vikianza kutembea, ndio hao. Osha majani kwa maji, hasa upande wa chini, na rudia kila baada ya siku chache kwa wiki mbili, maana mayai hubaki.

Mlinzi wa Miche: Hata ukitibu hayo, dirishani si mahali pake. Msprusi ni mti wa nchi za baridi, lazima upumzike majira ya baridi. Lakini usiutoe nje ghafla kwenye barafu, utaungua kwa baridi. Uzoeshe kwa wiki mbili: kwanza mahali pasipo na kipasha joto, kisha nje kivulini. Baridi kali ikija, zika chungu ardhini hadi ukingoni, kwa sababu mizizi ya chunguni haina kinga kama ya ardhini. Jua na upepo huku udongo umeganda hukausha majani.

Mche_Mchanga: Nimechomoa mmoja. Ncha kahawia, ganda linabambuka. Karatasi haina kitu.

Kitalu: Basi ni maji. Kata mizizi iliyooza kwa mkasi safi, hamishia kwenye sehemu 2 za magome ya msonobari yaliyooza vizuri na 1 ya mchanga mkubwa. Usitie chokaa wala majivu, msprusi hupenda udongo wenye tindikali, pH 5 hadi 6. Usizike shina zaidi ya lilivyokuwa. Mbolea iache mpaka majira ya kuchipua. Majani yaliyopukutika hayarudi. Angalia chipukizi la kilele. Likibaki gumu na la kijani ukilikwaruza kidogo, mche huo bado uko hai.