Mrejesho: yule wa Likoni aliyeuliza kuhusu kusomea haki za binadamu

Jamani nimerudi. Mie ndo yule niliyeuliza mwaka jana kama nisomee haki za binadamu na sheria za kimataifa ama nimfuate ami kwenye kazi ya kutoa mizigo bandarini, mkanambia wengi wenu ntakufa njaa.

Basi nilimsikiza yule aliyesema anza na digrii ya sheria kamili, maana ukitaka kuwa wakili Kenya lazima uwe nayo. Niko semista ya pili saa hii. Kusoma ni kwingi wallahi, nasomea kwenye feri, simu mkono mmoja, mkono mwingine nimeshika mkoba wangu vizuri.

Kilichonishika ni kesi ya Waogiek, ile jamii ya asili iliyofurushwa na serikali kwenye msitu wa Mau. Mie nlidhani sheria ya kimataifa ni mambo ya Geneva huko, kumbe mahakama ya Afrika ya haki za binadamu iko hapo Arusha tu, na 2017 ikasema Kenya imewavunjia haki zao, halafu 2022 ikaamuru walipwe zaidi ya shilingi milioni 157. Kulipwa sasa, hapo ndo kazi, mahakama haina polisi wake. Na ibara ya 2(6) ya katiba yetu yasema mkataba ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria yetu, hiyo nimeihifadhi kama namba ya simu ya mama.

Ami bado amenuna. Lakini juzi kaniletea makaratasi ya kesi ya shamba la babu, ati nimsomee.