Tupeane uzoefu: maji yalipoingia ndani, uliokoa nini?

Mpangaji wa Kigogo
Ndugu zangu, leo nimeona vijana wakirundika viroba vya mchanga mlangoni kwa jirani, nikakumbuka mengi. Sisi wa bonde la mto Msimbazi hapa Dar es Salaam tunajua kwamba anga la Kigogo linaweza kuwa jeupe kabisa na maji yakatukuta jikoni, kwa sababu mto huu unaanzia kwenye vilima vya Pugu, na mvua ya huko hutufikia ikiwa imeshazoa taka za njia nzima. Naomba kila aliyepitia aeleze yalimkutaje.

Mama Wawili
Mimi nilikuwa Jangwani Desemba 2011, mvua ambayo ilisemwa kuwa haijapata kunyesha kama ile tangu 1954. Alfajiri nilishusha mguu kitandani ukatua majini, nikadhani ndoo imemwagika. Kabla sijapapasa kiberiti yalikuwa magotini, na mlango wetu, ambao ulifungukia nje, ukagoma kabisa kwa uzito wa maji yaliyoukandamiza. Mume wangu alipanda juu ya kabati, akagongagonga bati kwa mchi mpaka misumari ikaachia, nami nikampitishia mtoto wa miezi minne akiwa ndani ya beseni la kufulia. Tulikaa juu ya paa hadi mchana, tukitazama magodoro na mbao za nyumba za watu zikipita. Vyeti vyetu vyote vilibaki kabatini.

Wa Tabata
Dada, hilo la mlango ni kweli tupu. Hata sisi lilitukuta.

Mzee wa Mtaa
Poleni sana. Hata hivyo, waathirika walipewa viwanja Mabwepande, mbali na bonde, na wapo waliorudi bondeni. Hilo nalo tuliseme.

Mama Wawili
Shikamoo mzee wangu. Mimi nauza mboga Kariakoo, na nauli ya kwenda na kurudi kila siku ingekula faida yote. Nilirudi kwa sababu watoto walipaswa kula.

Wa Tabata
Mzee, tuwaseme pia wanaongoja mvua ndipo watapishe vyoo vyao mtaroni. Uchafu huo unaingia kwenye vyungu vya watu, na kipindupindu hakimuulizi mtu anakaa bondeni au mlimani.

Fundi Ujenzi
Jengeni kizingiti cha kozi tatu za tofali mlangoni, mkipige lipu vizuri. Kinasaidia.

Mpangaji wa Kigogo
Fundi, mimi nilikijenga. Maji yakapandia tundu la bafuni, kisha kizingiti hichohicho kikayazuia kutoka, nikayachota kwa ndoo siku mbili. Zibeni kwanza matundu ya ndani.

Mrufiji
Kwetu mafuriko si mgeni. Wazee walijenga madungu juu ya nguzo huko mashambani, na maji yakipungua walipanda mlau, yaani mazao ya baada ya mafuriko, kwenye tope lenye rutuba. Lakini yale ya Aprili 2024 yalitushinda, kwani yalifunika mashamba na nyumba kwa pamoja, tukaondoka kwa mitumbwi. Ushauri wangu ni kwamba mjue mapema nani ana chombo, na ni nyumba zipi zina wazee wasioweza kutembea, ili hao wabebwe kwanza.

Mjumbe wa Shina
Maji yakianza kuingia, zimeni swichi kuu kabla hamjagusa kitu kingine. Vyeti viwekwe ndani ya ndoo ya rangi yenye mfuniko, ining'inizwe darini.

Wa Tabata
Mjumbe, darini hapana! Ndoo ikae karibu na mlango, mtu aibebe akitoka. Mama Wawili, yule mtoto wa kwenye beseni je?

Mama Wawili
Yupo, yuko sekondari. Wingu likitanda usiku, yeye ndiye anayekesha.

Mkazi wa Pugu
Nimesoma hadi hapa nikatoka nje kutazama. Huku imeanza tangu saa kumi jioni na mfereji wa nyuma ya nyumba umeshajaa. Walio Kigogo na Jangwani, waamsheni majirani zenu sasa hivi.